Intaneti: Tusiishie Kutazama

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na hadi leo walio mbali hutujua kwa kalamu yake yeye mgeni. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini mengi yaliyomo kwenye intaneti juu yake ni ya Kiingereza.

Mwanafunzi huanza intaneti kwa kutazama mpira na picha. Hatumlaumu. Ila akijifunza kutengeneza tovuti, mtazamaji amekuwa mwandishi, na uandishi ni amana: asiweke neno asilolihakikisha, kama wanazuoni walivyochunguza isnadi kabla ya kupokea hadithi.

Wazazi, msiwafungie vijana kompyuta. Waulizeni: leo umeandika nini? Wabillahi tawfiq.