Mnamlilia Sridevi, Mama wa Jirani Mnamwambia Anyamaze

Leo mtanitukana, najua. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Kila mara klipu za Mom zikirudi kwa simu zetu, komenti ni zile zile. "Mama ni mama." Vimoyo, machozi, ngumi za hewani. Kama hujaiona, ni filamu ya Kihindi ya 2017. Sridevi ni Devki, mwalimu wa baiolojia, na Arya ni binti wa mumewe, msichana ambaye hata kumuita mama hataki. Arya anatekwa akitoka pati, anabakwa, anatupwa mtaroni. Kesi inafika kortini, wanaume wote wanne wanaachiliwa. Hapo mama wa kambo anaanza kuwasaka mmoja mmoja. Sridevi alifariki Februari 2018, na tuzo ya taifa ya India kwa filamu hii akapewa akiwa ashaenda.

Filamu kali, wallahi. Sina neno na Sridevi. Neno langu ni kwetu sisi tunaolia.

Kwa sababu angalia, kesi ya Arya angalau ilifika kortini. Ya kwetu inafia sebuleni. Mtoto wa miaka kumi anabakwa na mtu wa mtaa huu huu, iwe ni Tudor Estate, iwe ni Moroto, iwe ni Mji wa Kale. Kabla ya isha watu washajaa. Ami yuko, shangazi yuko, wazee wa upande wa pili wameletwa. Chai inamiminwa, mahamri yanazungushwa. Mazungumzo yanaanza na "sisi sote ni watu wamoja" na yanaishia kwa bahasha. Mama wa mtoto akifungua mdomo anaambiwa, "Utamharibia mwanao jina. Nani atamuoa?"

Halafu kesho yake mtoto anatumwa dukani, na njia ni ile ile, inapita mlangoni kwa yule mtu.

Hata maneno yetu yanatuumbua. Tunasema mtoto "kaharibiwa". Kaharibiwa kama simu iliyoanguka majini? Mtoto hajaharibika. Kuna mtu amefanya jinai, na jinai ina jina. Litajeni.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini kusoma sheria ya nchi yako hakutaki digrii. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 mpaka 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 mpaka 18, si chini ya miaka 15. Na kifungu cha 40 kinaondoa kabisa familia kwenye uamuzi wa kusimamisha kesi. Tangu Katiba ya 2010, mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya korti. Sasa niambie, ami yako kapata wapi mamlaka hayo? Kwenye kikombe cha chai?

Sasa nije kwa linalouma zaidi. Mwajua kwa nini tunapenda Mom? Kwa sababu mle ndani sote tunajiona upande wa Devki. Lakini kila kijana aliyefanya haya naye ana mama. Naye mamake analinda mtoto wake. Anamficha kwa jamaa Malindi au Lamu, anauza pete ya dhahabu ile bahasha ijae, anaapa kuwa mwanawe usiku ule alikuwa amelala. Huo nao ni upendo wa mama. Huo ndio unaoua kesi.

Kizazi cha nyanya zetu kilikuwa na filamu yenye ujasiri kuliko hii. Mother India, 1957, ya Mehboob Khan, Nargis akiwa Radha. Radha analea wanawe kwa jembe na njaa. Kipenzi chake ni Birju, na Birju anakuwa jambazi. Mwishoni Birju anamteka binti wa yule tajiri mkopeshaji aliyewanyonya miaka yote, siku ya harusi ya binti. Mtoto wa adui kabisa. Na Radha anampiga mwanawe risasi.

Sisemi mtu ashike bunduki. Mama wa Tudor hahitaji bunduki. Anahitaji kusema ukweli polisi wakiuliza mwanawe alikuwa wapi. Basi. Kumpenda mtoto uliyemzaa hata paka anaweza. Kazi ni kusimama na mtoto wa mwenzio wakati aliyemuumiza ni wako.

Najua jibu lenu: "Polisi wenyewe hawafanyi kazi." Kweli, wengine hawafanyi. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi kwenye kesi inayojulikana kama ya Wasichana 160. Watoto waliobakwa walishtaki polisi kwa kutochunguza kesi zao, na wakashinda. Mahakama ikasema uzembe ule ni kuvunja haki za watoto. Watoto wameishtaki serikali, na wewe mtu mzima unaogopa maneno ya barazani?

Kwa hivyo hifadhi hii. Likitokea, mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Mpeleke hospitali mara moja. Coast General si mbali na Tudor, na wana kituo cha kuhudumia waliodhulumiwa kingono. Dawa za kuzuia HIV zinataka zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ya kikao ni saa ya mtoto inayopotea. Polisi, chukua nambari ya OB na fomu ya P3. Nambari ya kusaidia watoto ni 116, bure.

Na ukiitwa kwenye kikao cha kuyamaliza nyumbani, usiende kunywa ile chai. Au nenda, simama mbele ya wazee kwa heshima zote, useme, "Shikamooni, lakini hili si letu kuamua." Kisha mshike mkono yule mama mtoke naye.

Devki alibaki peke yake ndio maana akaua. Ukimwacha mama wa jirani peke yake, usije tena kwa komenti kuandika mama ni mama.