Kipimo cha Bepari Si Kipimo cha Kazi

Wapo watu, hata miongoni mwa wasomi, wanaoamini kwamba kampuni kubwa za teknolojia za Marekani huajiri kwa haki kuliko mahali pengine popote duniani. Eti huko hakuna mjomba wala shangazi: mtu huitwa, hupimwa akili, na aliye bora ndiye apataye kazi. Tangu Google ilipotangaza mwaka 2022 kwamba itafungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi, imani hiyo imekuwa jambo la kuwahusu vijana wa Afrika Mashariki na walimu wao pia. Hapana budi ichunguzwe, maana ni kasumba.

Mwezi Juni 2015 fundi mmoja wa programu, Max Howell, alieleza hadharani yaliyompata. Yeye ndiye mwanzilishi wa Homebrew, programu ambayo mafundi hutumia kuweka programu nyingine katika kompyuta za Apple. Hakuiuza, aliitoa bure, kila mtu aitumie na airekebishe apendavyo. Kisha akaomba kazi Google. Kwa maelezo yake, asilimia 90 ya wahandisi wa kampuni hiyo walikuwa wakitumia programu yake, lakini alikataliwa kwa kuwa alishindwa kuandika ubaoni jinsi ya kugeuza kile wataalamu wanachokiita mti wa data, matawi ya kushoto yawe ya kulia na ya kulia yawe ya kushoto.

Hiyo asilimia 90 ni hesabu ya mtu mwenye hasira, wala si lazima mtu aiapie. Howell mwenyewe alikiri baadaye kwamba ni mtu mgumu na kwamba nadharia ya kompyuta haijui sana. Na iwe hivyo. Seremala ambaye kiti chake kinakaliwa na mwenye karakana ataambiwaje athibitishe ufundi wake kwa kuchora msumeno?

Mwalimu yeyote ataiona kasoro hii mara moja. Mtihani hutungwa kutokana na somo lililofundishwa, na mwanafunzi akianguka huelezwa ameangukia wapi. Mwombaji wa kazi katika kampuni hizi hupigiwa simu, hupewa zoezi, kisha hukalishwa kutwa nzima akihojiwa na watu wanne au watano, mmoja baada ya mwingine. Halafu husubiri majuma. Jibu likija huwa ni barua fupi, yenye adabu nyingi, isiyotaja sababu. Jasho la maandalizi yote hayo halilipwi na mtu. Vitabu vya kujifunzia mahojiano vimekuwa biashara kamili, na mtu aliyefanya kazi miaka 10 hurudi kukariri maswali kama mtoto wa darasa la saba.

Na wenyewe walijua! Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba yale mafumbo yao mashuhuri, kwa mfano mipira mingapi ya gofu ingejaa ndani ya ndege, yalikuwa kupoteza wakati. Hayakutabiri lolote, kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya mhojaji ajione hodari. Kampuni ilikuwa imelinganisha alama za makumi elfu ya mahojiano na kazi halisi za walioajiriwa, ikakuta hakuna uhusiano. Mafumbo yakaachwa. Miaka miwili baadaye Howell aliukuta ubao mahali pake.

Watetezi wa mabepari husema kwamba waombaji ni wengi, ujuzi ni adimu, kwa hiyo lazima chujio liwe kali. Kuchagua ni lazima, hata Serikali huchagua. Lakini kama ujuzi ulikuwa adimu kiasi hicho, kwa nini mwaka 2010 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizishitaki Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar kwa kupatana kisiri zisivutiane wafanyakazi? Apple, Google, Intel na Adobe zilikubali kuwalipa wafanyakazi dola milioni 415 kumaliza shauri lao, na mahakama ikaidhinisha mwaka 2015. Mlangoni ujuzi ulitakiwa ushindane mpaka utoke damu. Ulipokwisha kuingia, ulizuiwa kutafuta bei yake.

Hapo ndipo faida ya mahojiano haya inapoonekana. Aliyepita katika tundu la sindano hujiona mteule. Hushukuru alipostahili kudai, na huwatazama walioachwa nje kama watu duni badala ya wafanyakazi wenzake. Siyo ajabu kwamba Google ilianzishwa mwaka 1998, na chama cha wafanyakazi wa kampuni yake mama, Alphabet, kikatangazwa Januari 2021 tu, tena kikiwa na wanachama mia chache kati ya wafanyakazi zaidi ya laki moja.

Januari 2023 Alphabet ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000. Wengi wa waliokuwa Marekani walipata habari kwa barua pepe, na wengine walijua walipokuta hawawezi tena kufungua kompyuta zao za kazi.