Kibubu cha Mtoto Kina Mwenyewe

Kibubu cha mtoto kina mwenyewe, na mwenyewe ni mtoto. Malezi yote ya fedha huanzia hapo. Mtoto hujifunza kuweka akiba pale tu anapoona kwamba alichokiweka jana amekikuta leo, na kwamba hakuna mkono mwingine wenye ruhusa ya kukigusa. Kuhesabu, kupanga, kuchagua na kusubiri ni mambo ya baadaye, na hushikwa na mtoto aliyekwisha kuhakikishiwa hilo la kwanza. Asiyehakikishiwa hufundishwa bure.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Ni kijisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, juu kikiachwa mwanya wa kupitisha sarafu. Hakina mlango wala ufunguo. Kukifungua ni kukivunja. Ndiyo maana kinafaa, kwa sababu mwenye kibubu anayeshikwa na tamaa ya aisikrimu saa tisa alasiri hukuta kazi ya kuvunja ni kubwa kuliko tamaa yenyewe. Kibubu humlinda mtoto dhidi ya nafsi yake. Hakimlindi dhidi ya mtu mzima mwenye bisibisi.

Hivi majuzi, katika nyumba moja ya kupanga huko Tandika, Dar es Salaam, mtu mzima mwenye bisibisi alikuwa baba mzazi. Kibubu kilikuwa cha mwanawe wa darasa la nne, mtoto wa miaka kumi anayetaka njumu. Si njumu za dukani. Ni za mtumba, katika soko la Tandika, ambazo muuzaji alikubali kumwachia kwa shilingi 15,000. Mtoto hupewa shilingi 500 kila siku ya shule kwa ajili ya kula wakati wa mapumziko. Tangu alipoziona njumu hizo alikuwa akila mihogo ya kukaanga ya 300 na kurudi nyumbani na sarafu ya 200, ambayo ilipita kwenye mwanya kabla hajavua sare. Kila sarafu aliiandikia mstari mmoja wa penseli nyuma ya daftari la Hisabati. Hakuna mwalimu aliyemwagiza kufanya hivyo.

Hesabu yake ilikuwa safi. Siku tano za shule ni shilingi 1,000. Wiki tisa zikampa 9,000. Sikukuu ya Idi ikamwongezea 4,000 kutoka kwa shangazi na wajomba. Wiki ya kumi aliugua homa, akaenda shule siku mbili tu, zikaingia 400. Jumla 13,400. Zilikuwa zimebaki 1,600, yaani siku nane za shule.

Siku hizo nane hakuzipata. Baba yake alikuwa ameahidi mchango wa shilingi 50,000 katika harusi ya mfanyakazi mwenzake, na kamati ilikuwa imeanza kubandika kwenye kundi la WhatsApp majina ya wasiokamilisha ahadi. Alipungukiwa 13,000. Jumamosi alasiri, mtoto akiwa madrasa, kibubu kilibanduliwa ubao wa chini, sarafu zikahesabiwa, na zote zikachukuliwa. Hata zile 400 za ziada hazikusazwa. Zilikuwa za kutumia kama ada ya kutuma pesa kwa simu.

Jambo la leo ni kilichotokea mtoto aliporudi. Alikuta mbao, akauliza swali moja tu: zitarudi lini? Akajibiwa, mbele ya watu waliokaa barazani, kwamba pesa hizo alizipata wapi kama si kwa baba yake huyohuyo, na kwamba mwisho wa mwezi atarudishiwa. Watu wazima wakacheka. Mmoja akasema mtoto huyo, wiki mbili tu, atakuwa amesahau. Mwandishi wa safu hii alikuwepo barazani hapo, na makala haya yameandikwa kwa hasira ya kicheko hicho kuliko hata ya bisibisi.

Hoja ya kwamba pesa ni ya baba kwa kuwa ilitoka kwa baba ni dhaifu. Mshahara wa baba nao umetoka kwa mwajiri, na mwajiri haji nyumbani kuuchukua. Fedha ikishatolewa imetolewa. Tena hizi za Tandika zilikuwa na haki zaidi, kwa sababu zilitolewa ziliwe, na mtoto akapunguza kula ili azipate. Sarafu 200 ya kila siku ilikuwa sehemu ya shibe yake. Aliyeichukua amechukua mihogo ambayo mtoto alijinyima kwa wiki tisa.

Hoja ya pili, kwamba watoto husahau, haina ushahidi wowote. Kizazi kizima cha watu wazima wa pwani na bara kinakumbuka pesa za Idi na za Krismasi zilizokabidhiwa kwa mama au baba ziwekwe, zisionekane tena. Wanazikumbuka hadi kiasi, na mara nyingi hadi nguo waliyovaa siku hiyo. Waliosahau ni waliozichukua.

Madhara yake hayachelewi. Jumatatu iliyofuata mtoto yule alikula mihogo ya 300 kama kawaida, na sarafu ya 200 akaitumbukiza kwenye dubwi, ile mashine ya kamari inayowekwa nje ya maduka mitaani na inayolishwa sarafu hizohizo za 200. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mwenye duka anayemwacha mtoto asogelee mashine hiyo anastahili kushtakiwa. Lakini mtoto alikuwa na sababu yake. Mashine humwonyesha hapohapo kama amepata au amekosa. Nyumbani alisubiri wiki kumi, akakosa vilevile.

Jambo hili, kwamba mtoto aliyevunjiwa ahadi huacha kusubiri, limepimwa pia kwa utafiti. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alijulikana kwa jaribio la kumpa mtoto kitamu kimoja na kumwahidi cha pili iwapo angesubiri. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba anayesubiri ana nidhamu na asiyesubiri hana. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walilirudia kwa watoto 28, ila safari hii kila mtoto alikutana kwanza na mtu mzima aliyemwahidi vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine waliambiwa vifaa havipo. Kisha wote wakapewa kitamu na kutakiwa kusubiri dakika 15. Katika kundi la walioletewa, watoto 9 kati ya 14 walisubiri hadi mwisho. Katika kundi la waliodanganywa alisubiri mmoja tu. Tofauti haikuwa katika tabia ya watoto. Ilikuwa katika neno la mtu mzima.

Watu wazima wa Tandika hawahitaji kufundishwa heshima ya akiba, kwa sababu wanayo tayari, ila wameibakiza kwa ajili yao. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa, vya mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao umeenea vijijini na mijini Afrika Mashariki, huweka fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa kikaoni tu, mbele ya wanachama, fedha zikahesabiwa kwa sauti. Kuna katiba, kuna faini ya kuchelewa, na anayekopa huandikwa jina, kiasi na tarehe ya kurejesha. Mwanachama ambaye angefungua sanduku hilo Jumamosi alasiri ili amalizie mchango wa harusi angepelekwa kwa mjumbe siku hiyohiyo. Akiba ya mtoto inastahili sheria hizo, kwa kipimo chake. Haifunguliwi bila mwenyewe kuwepo. Haikopwi bila yeye kuombwa, na akikataa, amekataa. Akikubali, deni huandikwa kwenye daftari lake na siku ya kulipa hutajwa.

Baada ya hapo ndipo lengo linapoweza kuzungumzwa. Lengo la mtoto lazima liwe la mtoto. Wazazi wengi humtaka aweke kwa ajili ya viatu vya shule, madaftari au sare, na hapo mafunzo huharibika, kwa kuwa vitu hivyo ni wajibu wa mzazi, na mtoto huona wazi kwamba amebebeshwa mzigo usio wake. Njumu ni lengo. Gololi ni lengo. Zawadi ya kumpa bibi ni lengo zuri sana. Mtoto achague mwenyewe, hata kama mzazi anaona kitu hicho hakina maana. Akinunua kidude cha plastiki kikavunjika siku ya pili, amepata somo kwa shilingi 2,000, ambalo wengine hulipata ukubwani kwa mshahara wa mwezi mzima.

Lengo hilo pia lazima lifikike, na kufikika ni suala la kugawanya. Bei ya kitu igawanywe kwa kiasi kinachowekwa kila wiki. Jibu likizidi wiki tatu kwa mtoto wa miaka sita au saba, lengo ni kubwa mno. Atafute dogo kwanza, alifikie, akanunue kwa mkono wake, kisha aende kwa kubwa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuvumilia muhula mmoja ikiwa anaona anakokwenda, na mistari ya penseli nyuma ya daftari inatosha kumwonyesha. Kwa shilingi 1,000 kwa wiki, njumu za 15,000 ni wiki 15. Baiskeli ya 150,000 ni wiki 150, karibu miaka mitatu, na anayemwambia mtoto aiwekee akiba kwa sarafu za 200 anamfundisha kukata tamaa. Kwa lengo kubwa namna hiyo mzazi huahidi sehemu yake na kutaja kiasi: mtoto akifikisha 20,000, zilizobaki ni za baba au mama. Ahadi hiyo isitolewe na asiye na uwezo wa kuitimiza.

Fedha ya kuweka itengwe na fedha ya kula. Mtoto wa Tandika alistahili sifa, lakini hakustahili kujenga akiba yake juu ya njaa. Shilingi 1,000 ya Ijumaa jioni, iliyotajwa kuwa yake, hata kama inapatikana kwa kupunguza vocha ya baba, ingetosha. Isilipwe kama ujira wa kuosha vyombo au kufagia uwanja, maana kazi za nyumbani ni za kila anayekaa humo. Na itolewe siku ileile kila wiki, kwa kuwa mtoto hawezi kupanga juu ya fedha ambayo hajui itakuja lini.

Shule husaidia kidogo. Mada ya fedha imo katika Hisabati za msingi, na watoto wamefundishwa kujumlisha shilingi na senti, ingawa senti hawajawahi kuishika mkononi. Benki nazo zina akaunti za watoto, mfano Junior Jumbo ya CRDB. Zinafaa kwa akiba ya miaka mingi, ila mtoto wa darasa la nne haoni fedha iliyoko benki, na msimamizi wa akaunti ni mzazi yuleyule. Asiyeheshimu sanduku la mbao hataheshimu akaunti.

Imebaki habari ya waliokwisha kuchukua. Nyumba ambayo kibubu kimewahi kuvunjwa haiwezi kuanza upya kwa kununua kibubu kingine na kumhimiza mtoto aendelee. Mtoto atakitazama na kuelewa vizuri kinangoja nani. Deni hulipwa kwanza, kwa fedha taslimu, mkononi mwa mtoto, kiasi kilekile alichokuwa nacho, na kwa maneno ya kuomba radhi yaliyosemwa mbele ya walewale waliocheka. Lilipwe kabla ya ahadi nyingine yoyote ya harusi kutolewa katika nyumba hiyo.