Dawa si Uji

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli. Lakini, ndugu msomaji, ziko dawa ambazo mapenzi peke yake hayatoshi kumpa mgonjwa.

Tuseme wewe ni mfanyakazi wa Dar es Salaam, na mama yako yuko kijijini Karagwe, au Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mama ana saratani, na maumivu hayamwachii usingizi. Unapata mofini kwa mtu unayemfahamu, unamkabidhi kondakta wa basi la Kayanga. Nia yako ni njema. Hata hivyo, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kuwa na dawa hiyo bila idhini ni kosa, na wewe na kondakta mwaweza kuingia matatani. Baya zaidi, kipimo kikizidi, dawa hiyo huweza kumzuilia mgonjwa pumzi.

Njia ya halali ipo. Mama afikishwe hospitali, aonwe na daktari, naye aelezwe maumivu yote bila haya. Daktari akiona inafaa, ataandika cheti chenye jina na umri wa mgonjwa, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, kipimo, kiasi chote, na sahihi yake. Mfamasia ataitoa katika kabati lenye kufuli na kuiandika daftarini. Usiihangaikie katika duka la dawa muhimu; duka hilo haliruhusiwi kuiuza.

Wakazi wa Kyerwa walio karibu na Murongo huitazama Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Huko, tangu mwaka 2004, hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini. Lakini ruhusa hiyo ni ya Uganda. Dawa za namna hii hazivushwi mpaka kiholela.

Usidhani, basi, kwamba sheria yataka mgonjwa alie. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ulio msingi wa udhibiti huu, wenyewe unakiri kuwa dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu.

Kwa hiyo, ndugu, usitume vidonge. Tuma nauli, na umwombe ndugu mmoja amsindikize mama kwa daktari. Akirudi na dawa yake na maelezo yake, hapo mpikieni uji.