Wachana na Samoni, Nunua Mbuta

Wasee, tuongee ukweli. Kila siku naulizwa, "Samoni ya Kiasia nitapika aje na sina doo?" Jibu: wachana na samoni. Ladha unayoitafuta iko kwa sosi ya soya, tangawizi, kitunguu saumu, asali na ndimu.

Hata Wajapani hawakuanza na hiyo unayoiona mtandaoni. Sushi ya samoni mbichi ilisukumwa kwao na Wanorwe miaka ya 1980. Ilikuwa biashara, si mila.

Sisi tuna mbuta wa Ziwa Victoria, nyama nene, haivunjiki ovyo. Minofu yake tunauzia Ulaya, halafu tunanunua samoni ya Norwe iliyopanda ndege. Hiyo ni akili kweli?

Loweka mbuta dakika 20. Pangusa, kaanga kwa moto wa wastani, juu asali huungua haraka. Sosi iliyobaki ichemshe vizuri, ndio umwagie juu. Kula na wali ama ugali.

Ukisema mbuta ni ushamba, basi wewe hutafuti chakula. Unatafuta picha.