Mkono Wako Ndio Wainda: Usitupe Pesa kwa Mashine ya Kuzungusha Saa

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo naongea na wale mko na saa ya otomatiki, na wale mnaweka pesa kando mpate moja. Msimamo wangu nausema mapema ndio usisome hadi chini ukitafuta: mashine ya kuzungusha saa, ile wauzaji wanaita wainda, huihitaji. Na kama saa yako ni ya kurithi, ukiiweka kwa hiyo mashine kabla haijapitia kwa fundi, unaweza kuimaliza kabisa.

Kwa wale wanasikia hii kitu mara ya kwanza, wainda ni kasanduku kenye mota ndani. Unafunga saa kwa kamto kadogo, unawasha, kanazunguka polepole, kanapumzika, kanazunguka tena, siku nzima. Kazi yake ni kuidanganya saa ifikirie iko mkononi mwa mtu. Video zake ni tamu, siwezi kukataa: taa za buluu, mbao inang'aa, saa nne zinacheza kama ziko disko. Halafu mwenye kuuza anakwambia ati saa ya otomatiki ikisimama inakufa. Hapo ndipo mimi nasema zii.

Hebu tuangalie ndani. Saa ya otomatiki haina betri. Iko na springi ndefu nyembamba iliyokunjwa ndani ya kikopo, na kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, kinaitwa rota, kinachozunguka kila ukisogeza mkono. Rota inakaza springi, springi inajilegeza kidogo kidogo, na huko kujilegeza ndiko kunasukuma mishale. Kwa saa nyingi za kawaida, springi ikijaa inakubeba kama masaa 40. Yakiisha, saa inasimama. Basi. Hakuna kitu kimevunjika wala kuungua. Ni kama boda iliyozimwa ikaegeshwa steji. Umewahi kuona nani akiacha injini ya pikipiki ikinguruma usiku kucha ati ndio asubuhi isimsumbue kuwasha?

Kuna wale watasema mafuta ya ndani yataganda saa ikikaa bila kutembea. Hiyo hadithi ilikuwa na ukweli zamani, wakati saa zilipakwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mafuta yanayotumika siku hizi yanatengenezwa maabara, na hayagandi kwa sababu ulivaa saa nyingine wiki mbili.

Na jiulize hii saa iliundwa kwa nini. Mwingereza mmoja fundi wa saa, John Harwood, aliona vile vumbi na unyevu vinaingia kupitia pale pembeni unapotilia ufunguo, vinaharibu saa. Akafikiria: kama saa ingejitia ufunguo yenyewe, hicho kitundu hakingehitajika. Mwaka wa 1924 akapata hataza yake Uswisi ya saa ya mkononi inayojijaza kwa mwendo wa aliyeivaa. Rolex wakaja na rota inayozunguka duara nzima mwaka wa 1931. Seiko nao mwaka wa 1959 wakatoa mtambo unaokaza springi rota ikienda kulia au kushoto, hakuna mwendo unaopotea. Wote hao walikuwa wanatafuta kitu kimoja: wewe ishi maisha yako tu, saa itakula kwa mwendo wako. Sasa wewe unanunua saa iliyoundwa ikutegemee, halafu unanunua mashine ikufanyie kazi ya kuwa na mkono!

Tena huku kwetu mikono haikai. Msee wa boda anayetoka Rongo hadi Awendo mara sita kwa siku, saa yake imejaa kabla ya chakula cha mchana. Mvuvi wa omena Mbita anayevuta nyavu usiku hatawahi kuona saa yake imesimama akiwa kazini. Vijana wanaochimba dhahabu Macalder, mama anayepanga samaki sokoni Homa Bay, mwalimu anayeandika ubaoni, wote hao ni wainda zinazotembea kwa miguu miwili. Hata wewe wa ofisini, unayekaa mbele ya kompyuta kutwa, ukivaa saa kama masaa 10 kwa siku na kutembea kidogo, kawaida itafika kesho bila shida. Na usiogope kwamba ukivaa sana itajaa ipasuke. Mwisho wa ile springi umeundwa uteleze ndani ya kikopo ikishajaa.

Sasa twende kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wainda inaanguka. Saa nyingi za Seiko 5 zinapiga mara 21,600 kwa lisaa. Hiyo ni mara sita kila sekunde. Kwa siku moja ni 518,400. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 189. Kila pigo ni vyuma vidogo vinagusana na kusuguana. Chukua mtu anayevaa saa ya otomatiki Jumapili pekee. Anaivaa masaa 12, anaivua, inaendelea masaa 40 mengine kisha inalala. Hayo ni masaa 52 kati ya 168 ya wiki, chini ya theluthi moja. Akiiweka kwa wainda, inafanya kazi yote 168. Kwa hivyo amelipa pesa ili saa yake ichoke mara tatu zaidi, ikihesabu dakika ndani ya kabati ambamo hakuna mtu anauliza ni saa ngapi.

Lakini kitu kilichonifanya niandike hii ni saa za babu zetu.

Unajua vile huenda. Mzee anafariki, matanga yanaisha, watu wanagawana vitu vyake, na kuna kijana anapewa saa. Mara nyingi ni Seiko 5, ile yenye siku na tarehe kwa dirisha moja na kitufe kimejificha pale kwa 4, toleo lililoanza mwaka wa 1963. Imekaa kwa droo miaka kumi na tano. Kijana anaitikisa, inaanza kutembea, anafurahi hadi machozi. Halafu anaona video, anatafuta doo, ananunua wainda ndio saa ya babu isisimame tena.

Mtu wangu, ngoja kwanza. Mafuta ya hiyo saa huenda yalishakauka kabla hujaingia sekondari. Ikitembea hivyo, chuma kinasaga chuma. Kwa droo ilikuwa salama kwa sababu haikuwa inasogea. Sasa umeifunga kwa mota inayoilazimisha kutembea mchana na usiku, kavu. Vile vyuma vyembamba kama sindano vinaliwa, unga wake unazunguka ndani, na siku utaipeleka kwa fundi utaambiwa kipuri hakipatikani. Na hiyo saa haina ya pili. Dukani utapata Seiko nyingine, lakini hutapata nyingine iliyovaliwa na babu yako akienda mnadani, yenye mikwaruzo yake kwa kioo.

Kwa hivyo pesa ya wainda ipeleke kwa fundi. Mafundi wazee wa saa wanapungua, vijana wengi wamekimbilia simu. Bado kuna wale wana kameza kadogo, kioo cha kukuza kwa jicho na mkono usiotetemeka. Mwulize kama anafungua saa yote, anaiosha na kuipaka mafuta mapya, au anapuliza tu na kufunga. Akikuelewa swali, huyo ni fundi. Saa ya otomatiki inafaa kupitia huduma kama hiyo kila baada ya miaka kama mitano hivi, kutegemea matumizi, na hakuna wainda duniani inayofanya hiyo kazi.

Niwe wa haki sasa, kwa sababu kuna watu wainda inawafaa. Kuna saa zenye kalenda inayojua miezi ya siku 30 na 31, na hata Februari ya siku 29. Zikisimama, kuzirudisha sawa ni kazi ya kuumiza kichwa, na nyingine lazima zirudi kwa fundi. Bei yake ni ya ploti. Ukiwa nayo, nunua wainda, hata mbili. Pia mzee ambaye vidole vinatetemeka au macho yamepungua, kusukuma kale katufe kadogo ni mateso, na kasanduku kanaweza kumsaidia. Na mwenye saa nyingi anazobadilisha kila siku, akitaka raha yake, ni pesa zake. Nakubali pia kwamba saa inapokaribia kuisha nguvu hupoteza usahihi kidogo. Lakini saa za kawaida za otomatiki huenda mbele au nyuma sekunde kadhaa kila siku hata zikiwa zimejaa. Ukitaka sekunde kamili, simu iko mfukoni.

Mtu wa saa moja au mbili, fanya hivi.

Ikisimama, angalia kama inakubali kutiwa ufunguo kwa mkono. Kama inakubali, zungusha kitufe polepole mara 20 hadi 30, kisha vaa. Seiko 5 nyingi za zamani hazikubali. Hizo unaziyumbisha kushoto na kulia kwa upole kama nusu dakika, kisha unavaa, mkono unamalizia. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Kabla ya kubadilisha tarehe, peleka mshale mfupi hadi kwa 6, yaani saa kumi na mbili, iwe ya asubuhi au ya jioni. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno ya tarehe huwa yameshikana, na ukilazimisha unaweza kuvunja moja. Weka tarehe ya jana, kisha sukuma mishale mbele hadi iruke kuwa ya leo. Ikishabadilika, ujue uko baada ya saa sita usiku, endelea mbele hadi saa unayotaka. Hiyo yote haifiki dakika mbili.

Usilaze saa juu ya spika wala karibu na sumaku ya kifuniko cha simu, itaanza kukimbia. Na nyinyi wa ufuoni, Mbita, Kendu Bay, Muhuru Bay, adui yenu mkubwa ni unyevu. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwa boksi la viatu, vya kunyonya maji, usivitupe, weka kimoja pale unapohifadhi saa. Raba za ndani huzeeka, kwa hivyo saa iliyoandikwa kwamba haiingizi maji miaka ishirini iliyopita, usiruke nayo ziwani leo.

Kuhusu stima, wauzaji wako sawa, wainda haitafuna token. Mota yake ni ndogo. Lakini sisi tunajua stima zetu. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia giza usiku. Saa iliyo mkononi mwako haikujua kama stima zimepotea. Huo ndio uzuri wake wote, kwamba haiulizi Kenya Power kitu. Sasa kwa nini uichukue uifunge kwa soketi?

Mwisho ni suala la sura. Wengi wetu rolex pekee tunayoweza kununua bila kukopa ni ile ya chapati na mayai iliyotoka Uganda, na hakuna aibu hapo. Tunaishi karibu na watu wanaochimba dhahabu ya kweli, halafu tunauziwa saa ya rangi ya dhahabu pamoja na sanduku la kuizungusha ili ionekane ya tajiri. Kama una elfu kadhaa za ziada, kuna karo, kuna deni la duka, kuna fundi. Kama huna, mashine ya kutosha tayari unayo, iko mwisho wa bega lako. Vaa saa, tembea. Siku ukiivua, iache ilale. Itaamka ukiihitaji.