Paka Hatoroki, Mlango Huachwa Wazi

Katika makundi ya simu ya wakazi wa maghorofa ya miji yetu, tangazo la paka aliyepotea limekuwa jambo la kawaida. Maneno hubadilika kidogo tu, lakini kitenzi hakibadiliki: paka wetu ametoroka. Nataka kukijadili kitenzi hicho, kwa maana kimebeba uongo mkubwa kuliko umbo lake.

Kutoroka ni kosa la anayetoroka. Anayesema paka wake ametoroka amekwisha kujitoa hatiani. Sarufi hii tunaijua vizuri. Fedha za umma nazo "zimepotea", faili la kesi "halionekani", ajali "imetokea". Tendo limebaki, mtenda ameyeyuka. Taifa lililozoea kusema hivyo kuhusu hazina yake haliwezi kushindwa kusema hivyo kuhusu paka.

Sina ugomvi na anayemfuga paka ndani. Mjini kuna magari, mbwa, sumu ya panya iliyotupwa uchochoroni, na kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata na kukiambukiza. Kuna pia ndege, ambao paka huwawinda hata akiwa ameshiba. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeyatwaa maamuzi yote ya kiumbe kingine, kisha akaukana wajibu uliofuatana na maamuzi hayo.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ya dini, nao wanastahili jibu. Watanikumbusha hadithi mashuhuri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Lakini tuisome yote. Mwanamke yule hakumlisha paka, wala hakumwacha ajitafutie. Lawama iko katika kuushika ufunguo bila kuibeba dhamana. Anayemfungia paka na kumtimizia haja zake hayumo katika lawama hiyo. Anayemfungia na kumpuuza yumo, hata akimwita majina ya mapenzi.

Haja hizo si siri. Paka jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata joto kabla hajatimiza miezi 6, na akiwa katika hali hiyo ataujaribu kila mlango. Dume asiyehasiwa atamfuata jike popote alipo. Paka ni mwindaji wa alfajiri na magharibi. Asipochezeshwa nyakati hizo, atakwenda kuutafuta mchezo nje. Wavu mwepesi wa kuzuia mbu huchanwa kwa kucha. Dirisha la ghorofani linataka wavu wa waya. Na mwenye nyumba anayemlisha paka wake mlangoni kila arudipo kazini amemfundisha mwenyewe kusubiri pale pale mlango unapofunguka. Je, huyo ametoroka, au amehitimu?

Wazee wetu hawakujenga kwa ajili ya paka, lakini walijua maana ya mlango. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, mgeni hupita daka, akaingia tekani, ndipo akafika kiwanda. Kati ya njia na maisha ya ndani pana nafasi ya kupumua, na kiwanda kina jua na hewa ndani ya kuta. Fleti za leo zina mlango mmoja unaofungukia ngazi. Kama mjenzi hakutupa nafasi hiyo, basi pazia zito, kizuizi cha mbao au desturi ya kufunga mlango wa chumba kabla ya kufungua ule wa nje itafanya kazi yake. Gharama ni ndogo. Kinachokosekana ni kukubali kwamba kazi hiyo ni yetu.

Mwezi Mei 2022, mamlaka nchini Ujerumani iliwaamuru wakazi wa sehemu ya kusini ya mji wa Walldorf kuwafungia paka hadi mwisho wa Agosti, ili kumnusuru kipozamataza wa kishungi, ndege anayetaga ardhini. Faini ilikuwa euro 500, na iliweza kufika 50,000 iwapo ndege angeuawa. Wengi waliicheka amri hiyo. Mimi naiona ilisema kweli nusu. Ilimtaja mwenye ufunguo, haikumshitaki paka. Nusu iliyobaki ni kwamba ndege yule alikuwa amekwisha kupokonywa makazi na mashamba makubwa na majengo, na hao hawakutakiwa kufunga mlango wowote.

Ndiyo maana jambo hili si dogo. Adabu ya madaraka hujifunzwa nyumbani, juu ya kiumbe kisichoweza kujitetea wala kuandika barua kwa mhariri. Atakayeweza kusema "nilimwachia mlango" atakuwa amepata ulimi wa kumdai waziri wake aseme "tulizitumia vibaya". Asiyeweza, na aendelee kubandika matangazo.